Shemeji Enoki, Hakuna Difenda Iliyokufuata

Mpendwa shemeji yangu Enoki,

Bahasha ya barua hii sijaibandika. Nimeandika nakala sita kwa mkono wangu mwenyewe, mkono huu uliokimbia shule darasa la sita, na ninawagawia madereva wanaovuka kuingia Zambia, kwenda Nakonde na kuendelea mbele. Sijui uko wapi. Mmoja anasema alikuona Isoka unapakia mahindi, mwingine anaapa uko Mpika na umefuga ndevu. Yeyote itakayemfikia aisome bila aibu, kisha amtafute mtu mrefu wa Itaka, mpole, mwenye kovu gotini, anayeamini kila anachoambiwa. Na kwa kuwa wageni wataisoma kabla yako, nitaeleza hata yale unayoyajua.

Unakumbuka siku uliyokuja kumposa dada yangu Tabitha? Ulikuja na wazee wenu wawili, shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza shingo. Mimi nikakaa mlangoni na sura ya ofisa wa forodha. Nikakwambia, "Shemeji mtarajiwa, huku kwetu mposaji anapanda mti wa mwisho wa shamba, anaita jina la binti mara tatu." Wazee wetu wakainamisha vichwa wasicheke mbele ya wageni. Wewe ukavua viatu, ukavipanga vizuri, ukaukwea mgrevilea. Uliita "Tabitha!" mpaka mbwa wa jirani wakaitika. Akatoka jikoni na mwiko wake, akakuangalia huko juu, akasema, "Huyo huyo." Mimi nimelala Ndola, nimekunywa chai Lubumbashi, nimetukanwa kwa lugha saba na madereva wa nchi tano, lakini sijawahi kuona mtu akichaguliwa haraka namna ile.

Na unakumbuka nilipougua taifodi hapa Tunduma? Watu wote niliokuwa nawanunulia soda hawakuonekana. Ulikuja wewe na debe la maharage. Ulifua mashuka yangu, mashuka ambayo hata mimi nilikuwa nayaonea aibu. Nilipojaribu kutania ukanizuia. "Kunywa uji, shemeji. Utachekesha ukishapona." Siku nne ulikaa, kahawa yako ikikungoja shambani.

Basi huyo ndiye mtu niliyemfukuza nchini kwa mdomo wangu.

Kwa wasiojua: Enoki hakuiba wala hakuua. Msimu uliopita, kwenye foleni ya mashine ya kukoboa kahawa, jirani yake alipitisha vikapu vyake mbele ya watu. Enoki akamsukuma. Sakafu ilikuwa na maji, jirani akaanguka, jino likavunjika. Kesi ikaenda mahakama ya mwanzo. Enoki akapata dhamana, akahudhuria mara ya kwanza, akahudhuria mara ya pili. Mara ya tatu alikuwa Ileje anamzika mjomba wake. Hakutuma taarifa, kwa sababu mtu wa shamba anadhani kila mtu anajua kwamba msiba ni msiba. Hakimu akatoa hati ya kukamatwa.

Sasa pale kituo cha polisi kuna afande mmoja wa kike, koplo, nisimtaje jina. Mimi kila mtu ananijua. Kazi yangu ni kukimbizana na makaratasi ya mizigo mpakani, wenye ofisi wanatuita vishoka, lakini hata wao gari likikwama wananipigia mimi. Yule afande naye ananijua, na ana utaratibu wake. Hati za majambazi anazifuata na gari. Hati za watu kama wewe anaziweka kwenye droo, anatafuta ndugu wa mhusika, anatuma salamu. Siku hiyo akaniita.

"Wewe kishoka, Enoki wa Itaka ni nani wako?"

"Shemeji yangu, afande. Nilimpa dada yangu kwa huruma tu."

"Acha maneno. Hakufika kortini, hati yake hii hapa."

"Alikuwa msibani."

"Akamweleze hakimu, siyo mimi. Selo yangu ilijengwa kwa ajili ya watu wanane. Wanalala kwa zamu humo, na hewa wanavuta kwa zamu. Nikimleta mtu wa foleni ya kahawa nitamweka wapi, kichwani kwangu? Jumanne saa mbili asubuhi aende mwenyewe, na mdhamini, na barua ya mtendaji wa kata. Aombe radhi, hati ifutwe, kila mtu akale kwake. Umenielewa? Mwambie hivyo hivyo."

Nikatoka pale najiona waziri. Nikakupigia.

"Shemeji, uko wapi?"

"Shambani, nachuma."

"Tupa kikapu! Difenda mbili za polisi zimetoka Vwawa, zimejaa watu wa kofia ngumu, mkubwa wao kakaa mbele. Wanamtaka Enoki akiwa hai!"

Nilikuwa nimeshaipanga vizuri. Wewe uogope kidogo, mimi ninyamaze kidogo, kisha nishushe sauti: tulia, una shemeji mkubwa mjini, nimeshayamaliza. Ndivyo nilivyozoea kukupa kila habari njema, nakutisha kwanza ili nikuokoe. Nikaziba simu kwa kiganja nicheke. Nilipoirudisha sikioni ulikuwa umekata. Nikapiga tena, imezimwa. Nikapiga mpaka betri yangu ikaisha.

Tabitha ananiambia ulipita nyumbani, ukachukua koti, ukasema, "Wakinipeleka selo sitatoka mzima," ukashika njia ya mtoni. Alikuwa na mimba ya miezi sita.

Jumanne ikapita. Nikaenda kwa afande nimenywea.

"Mtu wako yuko wapi?"

"Amekimbia, afande."

"Amemkimbia nani? Mimi sijatoa gari. Sijatoa hata baiskeli."

Shemeji, miezi saba sasa unajificha, na hakuna mtu aliyewahi kukufuata. Hawakuwa na pa kukuweka. Ningekuwa namsimulia mtu mwingine kijiweni, ningeifanya hadithi tamu mpaka watu washike mbavu. Lakini nimeijaribu mara mbili peke yangu, haichekeshi.

Wiki iliyopita nilikwenda kituoni kuulizia hati yako. Mlango wa selo ulikuwa umefunguliwa ili wahesabiwe. Mimi nimeona mambo, nimeona malori yakiungua na watu wakigombania mizigo, lakini pale niliondoa macho. Waliokuwa karibu na mlango walisogeza nyuso nje kama watu wanaotoka majini. Mmoja wao alikuwa mfugaji wa Kamsamba. Ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye mpunga wa mtu, na yeye kama wewe alikosa tarehe moja. Karatasi yake ilikuwa imeangukia kwa afande mwingine, yule anayekamata kama ilivyoandikwa, na hapa Tunduma hakuna aliyemjua ili atumiwe salamu. Miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama. Akaniuliza, "Ndugu yangu, una mtu yeyote unayemfahamu Kamsamba?" Nikapitia kwa wauza mchele mpaka nikampata kaka yake, akaja na barua ya mtendaji, akamtoa.

Usinisifu kwa hilo. Usiku na mchana linanizunguka kichwani jambo hilo moja. Yule alikosa mtu wa kuletewa salamu, akaozea mle ndani. Wewe mtu ulikuwa naye, na mtu mwenyewe ndiye mimi. Na najiuliza, huruma gani hii inayotegemea kama unamjua kishoka au humjui, na kama huyo kishoka siku hiyo ameamka na akili? Yule afande ana moyo mzuri, sisemi vibaya. Lakini ile karatasi ya droo ni karatasi ile ile iliyomvimbisha mwenzako miguu.

Na hiyo droo sasa inafungwa. Afande ameniambia mwenyewe, kwa sauti ndogo. Mkubwa mpya ameagiza kila hati ya zamani itekelezwe kabla mwezi huu haujaisha. Zitatoka zote, kubwa na ndogo, na gari litatoka kweli.

Ndiyo maana nilikwenda mahakamani. Karani akaniambia nivue kofia, nikavua, na wewe unajua kofia yangu hata kanisani nabishana nayo. Nikamwambia hakimu, "Mheshimiwa, Enoki hakuikimbia sheria. Alinikimbia mimi."

"Wewe ni mdhamini wake?"

"Mimi ni shemeji yake."

"Sijauliza hilo."

"Nitakuwa mdhamini wake, mheshimiwa."

Akasema, "Akija kwa miguu yake Jumanne ya mwisho ya mwezi huu, nitamsikiliza akiwa nje. Akiletwa, nitamsikiliza akitokea rumande, na rumande nako unakujua." Jirani yako alikuwepo, na pengo lake. Amesamehe zamani, tena ndiye aliyepalilia kahawa ya Tabitha mvua zilipoanza. Lakini anaambiwa kesi si yake tena, ni ya Jamhuri.

Limebaki moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Miezi yote hii sikumwambia Tabitha. Kwa kuwa hakuna polisi aliyekuja, watu kanisani walisema selo ni kisingizio, una mwanamke Zambia; naye akaamini, nami nikawaacha waseme. Nilikuwa nampelekea sukari na sabuni, najipiga kifua, "Nitamleta, mimi najulikana mpaka Kapiri Mposhi." Akawa ananishukuru. Alikuwa ananishukuru, shemeji!

Jana nimemwambia. Alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni. Ndiyo, una binti, ana miezi minne, na jina bado. Wamependekeza mashangazi, amependekeza mchungaji, mama yake amekataa wote. Nilidhani atanimwagia yale maji. Alimkausha mtoto, akamfunga mgongoni. Mimi ndiye niliyeanza kulia, mtu mzima na masharubu yangu.

"Kwa hiyo alikimbia utani," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nimemchukia miezi saba."

Akaniletea daftari na kalamu. "Andika. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, na usimpambie."

Basi haya hayana pambo. Jumanne ya mwisho ya mwezi huu, saa mbili asubuhi, mahakama ya mwanzo ile ile. Barua ya mtendaji ninayo mfukoni. Kuanzia Alhamisi kabla ya hapo nitakuwa upande wa Nakonde kila siku, kuanzia mchana mpaka jua linazama, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka. Sitakutumia mtu, nitakungoja mwenyewe.

Siwezi kukuahidi kwamba hutaingia ndani. Zamani ningekuahidi, tena ningeapa kwa jina la marehemu baba. Hakimu anaweza kubadilika, hati inaweza kututangulia barabarani, na mle ndani nimeona mwenyewe. Ninachoweza kusema ni kwamba ukikubali kuja, tutaingia kortini pamoja, na mbele ya watu wote nitaeleza nilichofanya. Ukikataa, nitaelewa, lakini mtume mtu kwa Tabitha na neno moja tu, kwamba uko hai, na jina unalotaka binti yako aitwe.

Anakaribia kukaa mwenyewe. Anaanguka upande wa kushoto, anashangaa, anajaribu tena. Ana macho yako yale ya kuamini kila kitu, na mimi nikimbeba namwambia mambo ya kweli tu.

Nimenyamaza hapa, nakusubiri.

Shemeji yako wa Tunduma,
kaka yake Tabitha