Zinakaribishwa Kuchangia

Jumatano. Mvua ya asubuhi ilikatika ghafla, jua likatoka kali, na tangu hapo mji unafuka kama sufuria iliyofunuliwa. Nimerudi kutoka Kuze na sina hamu ya kula.

Naandika haya kwa ruhusa ya Mwalimu Salma. Majina mengine nayaacha mpaka mhariri na wakili waipitie habari yenyewe.

Mwalimu alifundisha jiografia hadi alipostaafu. Nyumba yake ya Kuze ni ya ukoo, ya mawe, na mvua kubwa zikishuka siku hizi maji huingia chumba cha chini na kutuama. Humo ndimo alimolala dada yake mkubwa, asiyeweza tena kupanda ngazi. Mwaka huu walimhamishia Kisauni kwa jamaa. Alilia njia nzima, akiuliza amekosa nini.

Kwa hiyo serikali ilipomteua Mwalimu aende na ujumbe wa nchi kwenye mazungumzo ya tabianchi, awasemee watu wa pwani, alikwenda na sentensi moja: kampuni za mafuta zitachangia gharama za hasara hizi. Akaipigania. Ikaingia kwenye rasimu.

Ilipotoka mwishoni ilisomeka: kampuni za mafuta zinakaribishwa kuchangia.

Alipowasomea majirani baada ya kurudi, Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili alidakia, "Zinakaribishwa? Kwani kuna arusi?" Wakacheka wote, na Mwalimu pia. Aliamini mataifa makubwa ndiyo yaliyoivunja sentensi yake. Mimi pia niliamini hivyo, na niliandika hivyo.

Sivyo ilivyokuwa. Mkalimani aliyekuwa ndani ya chumba cha mazungumzo ameniambia kwamba sentensi ile ililegezwa na upande wetu wenyewe. Mkuu wa ujumbe wetu ndiye aliyelegea, baada ya kukaa faragha na bwana mmoja aliyevaa beji ya nchi yetu. Bwana huyo si mtumishi wa serikali. Analipwa na kampuni ya mafuta. Aliingizwa kama mgeni wa ujumbe, na beji ya mgeni haisemi mshahara unatoka wapi.

Lililobaki kujua ni hili: alijuaje amwendee nani?

Leo nimekwenda kumuuliza Mwalimu kama aliwahi kuzungumza naye. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Uso ulimchangamka.

"Huyu! Kijana ana adabu huyu. Alikuya mezani kwangu kule mkutanoni, akaniamkia shikamoo Mwalimu, akaniuliza watu wa nyumbani mmoja mmoja. Nikamtilia chai, nikampa visheti nilivyotoka navyo hapa."

Kwetu mgeni haulizwi haja yake kabla hajala. Alipokwisha kula, yeye ndiye aliyeuliza. Aliuliza kama ujumbe una umoja. Mwalimu akamjibu kama mtu anavyomjibu wa kwao: wengi wako imara, ila mkuu anasitasita, akibanwa atalegea, basi tumwombee.

Nikamwambia yule bwana ni nani.

Nje pikipiki ilipita, ikapiga honi kwenye kona, ikapotea.

"Alinambia mamake ni mtu wa hapa Kibokoni," alisema.

"Hilo ni kweli, Mwalimu. Nimelihakikisha."

"Afadhali angekuwa amenidanganya."

Nimekuwa katika kazi hii muda mrefu, na watu wameshalia mbele yangu, wameshanitukana, mmoja alinirushia kiatu. Huyu hakufanya lolote la hayo. Aliivuta leso mabegani na kuangalia mlango wa chumba cha chini.

Ilibidi nimweleze lililobaki. Ushahidi wa mkalimani peke yake hautoshi. Yeye hakuwapo kwenye ile chai. Bila Mwalimu kusema kwa jina lake kwamba alimwambia bwana yule maneno yale, habari haisimami, na wakili ataikata. Akisema, mtaa mzima utasoma kwamba siri ilitoka mdomoni mwake. Na Ijumaa majirani wamepanga kumsomea dua ya shukrani kwa safari ile.

Nakiri: nilitamani akatae.

Hapo hapo Bi Mwanaidi akapita uchochoroni, akapaza sauti dirishani kwa utani, "Mheshimiwa Waziri! Ijumaa tukuvishe nini?"

"Nivisheni gunia," Mwalimu akajibu.

"La mchele au la makaa?" Akaenda zake akicheka, ndala zikimpiga visigino.

Mwalimu hakucheka. Aliniuliza gazeti litasema nini juu yake. Nikamwambia litasema alichosema, bila kuongeza wala kupunguza. Akauliza kama litasema yeye ni mjinga. Nikasema hapana. Akasema, "Watasema wao."

Nikafunga daftari.

Mwishowe akasema, "Andika, mwanangu. Tia jina langu na la baba yangu. Lakini mngoje hadi Ijumaa ipite. Kesho nakwenda Kisauni. Dada yangu hatasikia haya kwa watu. Anadhani nilirudi na kitu, kila siku auliza atarudi nyumbani lini."

Nikaahidi kungoja. Nilipokuwa navaa viatu akaniuliza, "Na aliyempa ile beji, naye atatia jina lake?"

Nikamwambia nitamuuliza.

Nimeuliza. Nilipiga simu ofisi ya serikali inayohusika na beji, njiani kabla sijafika Makadara, nimesimama kivulini pa duka la vitambaa. Sauti ya heshima imenijibu kwamba beji za wageni hutolewa kwa utaratibu, na kwamba suala langu linashughulikiwa. Na nani? Linashughulikiwa. Nikashukuru, nikaaga.

Kesho nitapiga tena, na kesho kutwa pia. Wakinijibu hivyo hivyo, nitaandika kwamba waliombwa jina na hawakulitaja. Ndivyo kazi yetu inavyofanywa, na ni haki.

Ila jioni hii nimeisoma rasimu yangu tangu juu hadi chini. Mkuu wa ujumbe hajapokea simu. Kampuni imetuma salamu na kusema haina la kuongeza. Katika habari nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyekubali kuwajibika kwa jina lake kamili, na ndiye ambaye chumba chake kimejaa maji.