Digrii Kumi na Nne Sebuleni

Jumapili, 8 Februari 2009

Hatimaye nimempata. Miaka sita Zuhura, mdogo wangu, ananipigia simu kutoka Winnipeg kunicheka: "Da Rukia, hiyo ya Birmingham nayo baridi? Huku thelathini chini ya sifuri, na watoto wanateleza juu ya mto ulioganda, raha tupu!" Na Mama, kule Unguja, humwonea huruma yeye tu.

Sasa yuko hapa kwangu Sparkbrook, Birmingham, siku ya tatu, anashinda na koti ndani ya nyumba.

"Dada, nyumba yako ina nini?"

"Digrii kumi na nne. Kwako?"

"Ishirini na tatu. Nashinda na kanga."

Na kanga! Kumbe baridi yake iko nje, anaitazama dirishani. Yangu nalala nayo.

Nikampigia Mama papo hapo, nikaweka spika. "Haya, mwambie wapi kuna baridi zaidi."

Zuhura, meno yanagongana: "Hapa, Mama. Winnipeg afadhali."

Nikangoja pole yangu.

"Masikini Zuhura wangu!" akasema Mama. "Wee Rukia, mpe mwenzio blanketi lako."

Nimempa. Lakini koti lake la Kanada ninalo mimi, naandika nimelivaa, na Winnipeg halirudi.