Ndege wa Baba na Baiskeli ya Mhina

Kabuku,
14 Julai 1976

Kwa kaka yangu mpendwa Sadala,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mnyuzi, pamoja na wifi Chausiku na watoto, na kwamba kikohozi cha wifi kimepungua. Sisi huku tunaendelea, ila nyumba imekuwa kimya tangu tumzike baba. Bado naamka alfajiri kumtilia maji kwenye birika, kisha nakumbuka.

Sukari uliyotuma imefika, ahsante. Arobaini tutaisoma Ijumaa ya wiki ijayo. Umeniandikia kwamba Mhina, balozi wetu wa nyumba kumi, asialikwe, na kwamba hata pale kaburini ulifanya vizuri kumnyima mkono. Kwa sababu hiyo nakuandikia leo.

Unakumbuka kule Kwedizinga ndege walivyomzoea baba. Walikuwa wakioga kwenye maji ya udhu naye hajainuka bado. Tulipohamishiwa kijijini hapa mwaka juzi, kiwanja chetu kilikuwa cheupe, hakuna hata kichaka. Baba akaweka kigae cha maji, akachomeka fimbo ya ndege kutulia, na kila asubuhi akatundika kipande cha papai. Miezi minne hakuja hata ndege mmoja. Siku shore wa kwanza alipotua akaimba, baba alinipungia nitoke jikoni, kidole mdomoni, machozi yakimlengalenga. Akaniambia sasa ndipo naye amehamia hapa.

Lakini mwaka huu kwelea waliingia kwenye shamba la mtama la kijiji, nasi wanawake tukapangiwa zamu za kuamia, kuwafukuza ndege hao. Mwenzetu mmoja, Mashavu, akaanza kunitania mbele ya wote, eti mimi huku natupa mawe na baba yangu kule anawaandalia chai. Mwingine akauliza kama tunawapa na godoro. Walicheka hadi wakashika mbavu. Mkutanoni Mhina akamwomba baba, kwa adabu kabisa, apunguze hao wageni wake maana watu wananung'unika. Baba akamjibu kwamba kwelea hawajui hata papai ni kitu gani, na kama balozi anataka, aje akae naye asubuhi moja awatazame. Alisema kweli. Nami nilijua ni kweli.

Wiki ile ile fimbo ikakutwa imepakwa ulimbo. Shore wawili walikuwa wamenasa, wamekufa, manyoya yamegandia pande zote. Ndege hawakurudi tena. Baba aliendelea kutundika papai siku kadhaa, likaliwa na sisimizi, kisha akaacha. Salamu za Mhina akawa haitikii.

Mwezi wa sita kifua kilipombana, Mhina alikuja mbio na baiskeli yake ampeleke zahanati. Baba alikataa. Tulimbeba kwa kitanda kesho yake, na mwisho wake unaujua.

Kaka, ulimbo niliupaka mimi. Ni ule wa shambani tuliokuwa tukinasia kwelea. Nilidhani mmoja akinasa wengine wataogopa, wataondoka, nami nitapumzika na kicheko cha wenzangu. Baba aliponiuliza nani amepita uani, nikasema nilimwona Mhina. Hakupita.

Jana nilikwenda kwake nikamweleza yote. Hakunifokea. Aliniuliza jambo moja tu, baba alisema nini siku ile alipokataa kupanda. Nilitaka kumficha, nikaona nimekwisha kudanganya vya kutosha. Nikamwambia baba alisema hapandi baiskeli ya muuaji. Mhina akakaa chini pale pale kwenye matuta ya muhogo, jembe mkononi. Nilisimama mpaka miguu ikaniuma, kisha nikarudi nyumbani.

Sijui kama atakuja kwenye kisomo. Nakuomba ushuke kwa treni ya Alhamisi ili twende kwake pamoja, wewe umpe mkono uliomnyima. Na mimi ukitaka kunigombeza, nigombeze njiani, tusifike tumenuniana.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na wifi mwambie nimemwekea kunde. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Tatu