Nusu Debe ya Ulezi

Tata,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nianze maneno kabla ya salamu, na hata huko uliko naona utanikunjia uso nikithubutu.

Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Tumehama, kama ulivyosema tutahama. Lori lilikuja likapakia vitanda, kuku, mtungi, na Mama juu kabisa, ameukumbatia mtungi kama mtoto. Wewe tumekuacha kule kwenye boma letu la zamani, na hilo ndilo lililonisumbua mwaka mzima. Kila Jumapili nikitoka kanisani napita kukung'olea majani kaburini. Huku kijiji kipya nyumba zimepangwa mstari, jirani anajua hadi chumvi ya mchuzi wako, ila shule iko karibu na wanangu hawachelewi tena. Siwezi kulalamika. Nalalamika kidogo tu, unanijua.

Sasa kaa vizuri nikwambie: nimechukua kazi yako. Ndiyo, mimi Bhoke, mwanao wa kike, ndiye dalali wa nyumba siku hizi. Baiskeli yako naiendesha na kanga zangu. Watu wa Morotonga walinicheka wiki mbili, wakachoka. Wako waliosema mwanamke atauzaje nyumba, na wako waliosema afadhali kazi yenyewe ife, kwa kuwa dalali ni kupe. Unakumbuka siku ile mkutanoni, kiongozi aliposema kupe wote waache kunyonya wananchi, huku anakutazama wewe? Ulisimama taratibu ukasema ardhi ni ya taifa na hujawahi kuuza hata kiganja chake. Unauza kuta na mabati ambavyo mtu amevisimamisha kwa jasho lake. Halafu ukaongeza, "Na kupe haitwi na ng'ombe. Mimi huitwa." Mkutano mzima ulicheka, hata yeye mwenyewe. Nilijivunia sana siku ile, na sikukwambia.

Kuna jingine ambalo sikukwambia vizuri. Lile la ulezi.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Mvua ilikuwa imegoma, na Bibi Nyangi alikuwa anauza nyumba yake akakae kwa mwanawe Kisaka. Mnunuzi, mtu mwenye ng'ombe wengi, alisema atalipa udalali wote peke yake, bibi asisumbuliwe. Ukakataa. Ukasema kwako kila upande hulipa nusu, tena mbele ya mwenzake. Bibi hakuwa hata na senti, kwa hiyo ukapokea kwake nusu debe ya ulezi, ukaifunga kwenye baiskeli mimi nikiona. Mama akausaga, akasonga ugali. Nikagoma kula. Nilisema siwezi kula chakula cha bibi kizee mwenye njaa. Hukunichapa. Ulisema tu, "Asiponilipa, atanigombezaje?" ukaendelea na matonge yako peke yako. Nilidhani unamdhihaki. Tata, nimeubeba ugali ule miaka ishirini. Hata siku tulipokuzika, katikati ya machozi, ulinijia.

Basi sikiliza yaliyonipata.

Mwezi uliopita Mama Ghati, mjane wa yule mwashi wa kando ya barabara, aliniita nimuuzie nyumba. Amepewa kiwanja kijiji walikopelekwa kaka zake. Ana watoto watano, na bei ya nyumba hiyo ndiyo itakayomjengea nyingine kabla ya masika. Hana kingine cha kushika. Nikapata mnunuzi, Marwa, fundi cherehani wa Sirari, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka na Kiswahili cha pande zote mbili pia. Nikampitisha ndani, nikamsifia mabati, akaambiwa bei na wala hakushtuka. Nikamweleza utaratibu wako wa nusu kwa nusu. Akasema, "Wacha, dada. Huyu mama ni mjane. Mimi nitakulipa yote." Akanilipa papo hapo.

Nilifurahi mno. Nilijisemea, ona Tata, hivi ndivyo wanavyofanya watu wenye huruma! Nilikuwa nakusuta na wewe umelala zako. Nikamkimbilia Mama Ghati kumwambia hadaiwi kitu, naye akanibariki mimi na kizazi changu.

Kesho yake Marwa akarudi. "Dada, hiyo bei iko juu sana. Ongea na mama ashuke. Si ni mimi nimekulipa?" Hakusema kwa ubaya. Aliyasema kama mtu anayekumbushia jambo ambalo tumeshakubaliana.

Na mimi nikaenda! Hapo ndipo ninapoona aibu kukuandikia. Nilisimama ndani ya nyumba ya yule mjane nikaanza kutafuta kasoro kwa kidole. Mabati ya nyuma yana kutu. Mlango wa uani umeliwa na mchwa. Ukuta wa jikoni una ufa. Mlango ulikuwa umeliwa kweli, lakini kutu sikuiona, wala ufa. Mama Ghati alinitazama akasema, "Jana uliyasifu mabati haya mpaka nikaona haya." Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Aliinamisha macho, akasema kwa sauti ndogo, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye unayejua."

Nilisukuma baiskeli mpaka nyumbani bila kuipanda. Angenigombezaje, Tata? Hakuwa amenilipa.

Ndipo likanirudia lote, siyo ule ugali peke yake. Nilikumbuka mchana ule Bibi Nyangi alivyokufokea uani kwetu, anakuelekezea mkongojo, anasema nyumba yake haitaenda kwa bei ya kuku na wewe umekula ulezi wake. Nawe ukarudi kwa yule tajiri mara tatu, kwa miguu, kwa sababu baiskeli ilikuwa na pancha, mpaka bei ikasimama alipotaka bibi. Nilikuwepo. Nilikuwa nimenuna tu kiasi kwamba sikuona kitu kingine. Nisamehe.

Asubuhi nikamrudishia Marwa nusu ya pesa yake. Akaigeuza mkononi, akauliza mimi ni dalali wa namna gani. Kisha nikaenda kwa Mama Ghati kuomba nusu yake, na hapo ndipo palikuwa pagumu. Alinitazama kwa macho yale yale niliyokutazama nayo wewe nikiwa na miaka kumi. "Hata wewe, Bhoke?" Watoto wake walikuwa wamesimama mlangoni wananiangalia. Nilitamani kukimbia. Akaingia ndani, akatoka na nusu debe ya ulezi, akaitua miguuni pangu. Nikaipokea. Nikaifunga kwenye baiskeli yako, watoto wakiona.

Siku ya pili tulikaa sote watatu kwenye benchi moja, balozi wa nyumba kumi akiwa shahidi. Nikaeleza nimepokea nini kwa nani. Marwa akaanza tena kwamba bei iko juu. Tata, ungemwona yule mama! Aliruka akanigeukia mimi, siyo Marwa. "Bhoke! Nimekupa ulezi wa wanangu, na wewe umekaa hapo kama jiwe la kusagia? Sema!"

Sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile. Nikasema. Nilisema mabati ni mazima na kutu niliitunga mimi, ufa pia. Nikamgeukia na Mama Ghati nikamwambia mlango wa uani umeliwa kweli na Marwa atalazimika kununua mwingine. Akanifokea tena kidogo, kisha akakubali kupunguza bei ya mlango huo mmoja, basi. Balozi akacheka. Marwa akasema, "Sawa. Angalau nyinyi mnagombana mbele yangu." Akalipa yote siku ile ile. Mama Ghati ameshaanza kufyatua matofali, na wiki hii kaka zake wanamchimbia msingi. Mvua ikija itamkuta ndani.

Kwa hiyo nakuahidi, Tata. Nusu kwa nusu, mbele ya wote wawili, hata kama nusu yenyewe ni jogoo au kibuyu cha maziwa ya mgando. Na asiye na kitu kabisa nitamwomba maji ya kunywa, nimwambie amenilipa, anigombeze apendavyo. Jumapili nitakuja kung'oa majani kama kawaida. Pumzika. Miguu yako ilitembea vya kutosha kwa ajili ya watu.

Leo mchana Mama amesonga ugali wa ule ulezi. Aliniwekea kidogo, anakumbuka vizuri nilivyogoma. Ugali niliokukatalia, nimeula leo, tonge kwa tonge, peke yangu, kama wewe. Nimeumaliza, nikaomba mwingine.

Mwanao,
Bhoke