Sori ya Grégoire

Misiera, Nakivale
9 Aprili 2025

Mpendwa mjukuu wangu Larissa,

Mumeamkaje huko Kanada? Mgongo wa mume wako umepona? Watoto wanakula vizuri? Sisi tuko wazima. Goti langu linauma mvua ikinyesha; nalitukana, tunaendelea. Orpa, jirani yangu, ndiye anaandika ninayosema. Nimemkataza kulainisha.

Habari kubwa ni ya Grégoire, yule mchoma mishikaki. Unakumbuka miti ya mihogo ambayo mama yako Constance aliibeba kichwani kutoka Fizi tulipokimbia. Tangu tumzike hapa kambini, kila nikivuna nakata miti, napanda tena. Safari hii nilivuna shamba lote, nikafunga miti fungu moja, nikaliweka kivulini lingoje mvua. Grégoire aliishiwa kuni. Akachukua fungu lote, akachomea nyama.

Nilipomkuta kwenye majivu alisema, “Sori, Koko,” akageuza mishikaki.

Sikujua neno hilo la Kiingereza lina uzito gani, basi nikaanza kulifuata. Nilipoenda Mbarara kwa ajili ya macho, nilijikwaa karibu na Kamukuzi. Mwenye boda aliyekuwa ng'ambo ya barabara akasema sori, naye hakunigusa. Yake ilikuwa pole. Mapokezi ya hospitali, mama mmoja akasema sori, maana yake ondoka, nafasi zimekwisha. Daktari akasema sori kwa sababu hakunisikia. Neno moja linatumwa kazi zote kama punda wa kukodi. Na ya Grégoire? Ilikuwa ile ya boda. Ananipa pole, kama vile moto ulijiwasha wenyewe.

Nikaamua kumlisha neno lake. Wateja wake hula nyama na bugali na sombe yangu, majani ya mihogo ninayonunua sokoni na kuwapikia hapo kwake. Nikahamisha sufuria kwa Pontien, mchoma nyama mwenzake. Watu wakaifuata.

“Koko, unaniua na njaa,” akalia.

“Sori,” nikamwambia.

Nyama ikamwozea. Sori. Mkewe Pascaline akaja kuuliza kosa lao ni nini. Yule nampenda, nikampa sombe, nikamwambia ampelekee mumewe sori yake.

Jumapili, nje ya kanisa, Grégoire akapiga magoti mbele ya watu. “Koko Miriamu, nilikosa. Nilichoma mihogo ya Constance bila kukuuliza. Unisamehe.”

Nilisikia utamu, sitadanganya. Nikamwambia arudie, wazee wa nyuma hawakusikia.

Kisha nikamtuma mpaka kijiji cha Rubondo, kwa Concilie, ambaye nilimgawia mbegu hiyo zamani. Aende kwa miguu, arudi na fungu kichwani, kama Constance. Alirudi shingo imekakamaa. Akapanda mwenyewe, mimi nimekaa kwenye kiti namwonyesha fasi anapokosea. Sufuria bado iko kwa Pontien. Mihogo ikiota, nitafikiria.

Sasa wewe. Nilipokutumia habari kwamba mihogo ya mama yako imeungua, ulijibu neno hilo hilo, peke yake. Nilimwambia Orpa asome tena, labda kuna lingine chini. Hakuna.

Wewe sikuadhibu, mwanangu. Najua ulilia, kilio hakikupata fasi ya kupita. Lakini nijibu kwa maneno ya mama yako, hata kama yamekuvunjikia mdomoni.

Msalimie mume wako, na wabusu watoto. Orpa na Pascaline wanakusalimu. Grégoire pia, nimemruhusu. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo.

Ni mimi bibi yako nikupendaye hata nikikasirika,
Koko Miriamu