Jiwe la Kila Jumapili

Mama Bhoke wangu,

Leo asubuhi nimepanda kilima cha kanisani bila kusimama hata mara moja. Nimefika kabla ya mwinjilisti, nikakaa kwenye benchi letu, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikipanda? Tukifika pale kwenye mwamba kifua kinanibana, nasimama. Watu hawajatupita bado, wewe umeshainama unavua ndala. "Baba Bhoke, ningoje, kuna jiwe." Kila Jumapili jiwe, miaka yote ile! Nami nakugombeza wasikie: "Wewe mama, si ununue viatu vya maana?" Unakung'uta taratibu mpaka pumzi yangu irudi. Siku moja tu uliniuliza, "Unaumwa?" Nikasema nimechoka. Mimi niliyesimama mbele ya kisu cha jandoni bila kupepesa jicho, ningekwambiaje kwamba kilima kinanishinda?

Siku tuliyokupeleka kanisani kwa mara ya mwisho nilisimama palepale, na hakuna aliyesema kuna jiwe. Watu walinipita wote na jeneza lako. Bhoke ndiye aliyegeuka, akaniona nimeshika kifua. Matanga yalipoisha akanipandisha basi kwenda hospitali ya mbali.

Walikuta mshipa mmoja wa moyo umeziba kabisa, tena miaka mingi. Daktari, binti wa umri wa Bhoke, alisema moyo ulijitafutia vijia vya pembeni, ndiyo maana nilikuwa hai. Hawakunipasua. Walipitisha waya mwembamba mkononi na mwingine kwenye paja, wakaitafuta njia polepole, kama ulivyokuwa ukipitisha lastiki kwenye sketi za shule kwa pini. Ilichukua saa nyingi, na mimi niko macho.

"Maumivu yakija useme, mzee."

Walipojaza kiputo cha kuupanua mshipa mle ndani, kifua kilishikwa hasa. Nikakodolea dari macho. Akatazama mashine, akanitazama usoni.

"Mzee, unaumia."

"Mimi ni Mkurya, daktari."

"Hapa si jandoni, baba. Usiponiambia nitafanyaje kazi? Sema."

Nikasema, "Inauma." Machozi yakanitoka, Mama Bhoke, na si kwa sababu ya kifua. Neno dogo vile nimempa mgeni, na wewe nilikunyima.

Sasa mshipa uko wazi. Wameweka kibomba kidogo cha wavu ili usizibe tena, na Bhoke anapiga simu kila asubuhi kuuliza kama nimemeza dawa. Majirani wananitania: "Shikamoo mzee, siku hizi tukushindanishe mbio na ng'ombe?" Nacheka nao. Kisha narudi nyumbani kusonga ugali wa mtu mmoja, na mpaka leo sijajua kuupima, unabaki tu. Ndala zako ziko mlangoni. Nyumba ina ukimya ambao sijauzoea.

Leo wakati wa kushuka nilisimama kwenye mwamba. Nilivua kiatu, nikakikung'uta, watu wakipita. Hakikuwa na jiwe. Hata ndala zako hazikuwahi kuwa nalo, na nilijua tangu Jumapili ya kwanza.

Ilikuwa inauma, mke wangu. Ilikuwa inauma sana.

Lala salama,
Baba Bhoke wako