Futi Yangu na Popo wa Bweyeye

Zaina, mjukuu wangu,

Huku Kamembe tuko wazima, mama yako anakusalimia. Unauliza utamwambiaje profesa wako kwamba popo waliohifadhiwa kabatini wameandikwa jina lisilo lao.

Nikiwa msichana nilishona nyavu za watafiti kule Bweyeye. Asubuhi moja mkubwa wao aliwaandika popo wawili jina moja. Mimi ni fundi cherehani. Niliona mkono wa mmoja umezidi wa mwenzake kwa urefu, na masikio yake ni mapana.

"Papa, hawa si bandugu," nikamwambia mkubwa yule kwa heshima.

Akacheka. Nikampa futi yangu. Alipima mara mbili, akalifuta jina kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku ile sijajiona mdogo mbele ya muntu.

Futi ile iko ndani ya bahasha hii. Usibishane naye, mupe apime.

Bibi yako, Mwamini